Utetezi wa Nyota Ndogo

Macho ya binadamu yana ada ya kufuata king'aacho. Katika umati wa watu humwona kwanza aliyevaa vazi la rangi kali, na katika anga ya usiku huziona kwanza nyota kubwa. Mtu akaridhika, akadhani amekwisha kuiona anga yote. Hili si kosa la macho, kwa kuwa macho hutumia nuru yaliyoletewa. Ni kosa la akili inapokubali kutawaliwa na macho. Insha hii nimeiandika kuipinga hukumu moja iliyotokana na kosa hilo, nami nakuomba wewe msomaji uwe hakimu baina yangu na walioitoa.

Shauri lenyewe ni hili. Wako wataalamu wa nyota ambao kwa miaka mingi, na kwa darubini bora kuliko zote, hutafuta ndani ya mawingu yazaayo nyota vitu vidogo sana, ambavyo havina nguvu hata ya kuwaka kama nyota. Vitu hivyo huitwa vibete kahawia. Watu wengi husema kazi hiyo ni ya bure, na hoja zao ni tatu. Kwanza, wasema kwamba vibete kahawia ni nyota zilizoshindwa, na aliyeshindwa hana la kumfunza mtu. Pili, wasema kwamba ni vidogo na hafifu mno, hata vingekosekana ulimwengu usingepungukiwa na kitu. Tatu, wasema kwamba havimlishi mwenye njaa wala kumvika aliye uchi. Nimezisikia hoja hizi kwa watu wazima wenye elimu, na nimezisikia kwa wanafunzi. Zote tatu zina sura ya busara, na ndiyo sababu yafaa zijibiwe. Upuuzi mtupu haumpotezi mtu. Humpoteza upuuzi uliovikwa kanzu ya busara.

Lakini hakimu hawezi kukata shauri asilolijua. Basi kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe.

Kati ya nyota yako mawingu makubwa ya gesi na vumbi, nayo ni baridi sana. Sehemu ya wingu ikijikusanya, uzito wake wenyewe huivuta ndani, ikawa donge. Na kadiri donge linavyobanwa ndivyo linavyopata joto. Donge likiwa zito vya kutosha, joto la kitovu chake hupanda hata haidrojeni ikaanza kuungana na kuwa heli. Hapo moto wa nyota huwa umewashwa, nao hudumu kwa mamilioni au mabilioni ya miaka. Lakini donge likiwa dogo, jambo jingine hutangulia. Chembe ziitwazo elektroni hubanana hata zikakataa kubanwa zaidi, kama abiria waliojaa pomoni ndani ya basi: utingo na asukume apendavyo, hapana nafasi tena. Kubanwa kukikoma, kupanda kwa joto nako hukoma, na haidrojeni haiwaki kwa kudumu. Donge la namna hii ndilo kibete kahawia.

Mpaka baina ya nyota na kibete kahawia wajulikana. Ni uzito wa sayari ya Mshtarii mara 75 hivi. Ili upate kipimo, kumbuka kwamba Mshtarii peke yake ni mzito kuliko dunia yetu mara 318, na Jua ni zito kuliko Mshtarii mara elfu moja na zaidi kidogo. Upo na mpaka wa pili chini ya ule wa kwanza. Kitu kinachozidi uzito wa Mshtarii mara 13 hivi huweza kuunguza aina adimu ya haidrojeni iitwayo deuteri, kwa muda. Kilicho chini ya hapo hakiunguzi hata hiyo. Uzito wake ni kama wa sayari, lakini hakizunguki nyota yoyote. Huelea peke yake katika giza. Hivi vya chini kabisa ndivyo vitafutwavyo kwa bidii kubwa leo, na ndivyo vinavyodharauliwa kuliko vyote.

Yafaa ujue pia kwamba vibete kahawia vilijulikana kwa hesabu kabla ya kuonekana kwa darubini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu mzaliwa wa Uhindi, Shiv Kumar, alipiga hesabu akaonyesha kwamba lazima uwepo uzito ambao chini yake nyota haiwezi kuwaka. Mwaka 1975 Bi. Jill Tarter wa Marekani alivipa vitu hivyo jina la vibete kahawia, ingawa kwa hakika havina rangi ya kahawia. Ndipo watu wakatafuta kwa miaka ishirini wasione kitu cha yakini. Wakati huo wote wenye dharau walikuwa na nafasi nzuri ya kucheka. Mwaka 1995 kicheko kilikatika. Katika mwaka huo mmoja vilitangazwa viwili: kimoja kiitwacho Gliese 229B, kinachozunguka nyota ndogo nyekundu, na kingine kiitwacho Teide 1, kilichoonwa na Rafael Rebolo, María Rosa Zapatero Osorio na Eduardo Martín.

Nakuomba utue kidogo hapa, kwa sababu Teide 1 kiko mahali unapopajua. Kiko katika Kilimia. Kilimia ndicho kile kifungu cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama ili wajue majira ya kulima, na jina lenyewe latokana na kulima. Vizazi kwa vizazi vilikitazama Kilimia na kuhesabu nyota zake sita au saba. Kumbe katikati ya nyota hizo, miaka yote hiyo, vilikuwako visivyohesabiwa.

Sasa utaniuliza: kwa nini vitafutwe ndani ya mawingu yazaayo nyota, mahali penye vumbi na giza? Jibu la swali hili lipo jikoni kwenu. Kaa la moto likitolewa mekoni sasa hivi huonekana wekundu wake hata gizani. Liache mpaka alfajiri, nawe utalitafuta kwa kupapasa. Kibete kahawia ni kaa la namna hiyo. Hakina kuni za kuongeza. Joto lake kubwa lote ni lile la kuzaliwa, na tangu siku hiyo kazi yake ni kupoa. Mwaka 2014 Kevin Luhman alitangaza kimoja kilicho umbali wa miaka ya nuru 7 tu kutoka kwetu, kiitwacho WISE 0855. Kwa kuwa ni kikongwe, kimepoa hata joto lake liko karibu na lile la barafu. Kikongwe kama hicho kingekuwa mbali kidogo kisingeonekana kabisa. Lakini kitoto chenye uzito uo huo, kilichozaliwa miaka milioni chache tu iliyopita, kina joto la mamia mengi ya digrii, nacho huweza kuonekana kutoka umbali wa miaka ya nuru elfu moja. Kwa hiyo mwenye kutaka kuviona vidogo kabisa sharti avitafute uzazini.

Na uzazi wenyewe umefunikwa kwa pazia la vumbi. Nuru tuionayo kwa macho hukwama humo. Lakini iko nuru nyingine iliyo nje ya wekundu, iitwayo infraredi, ambayo jicho haliioni ingawa ngozi huihisi kama joto. Nuru hiyo hupenya vumbi kuliko nuru ya kawaida, na bahati njema ndiyo hasa itolewayo na vibete vichanga. Hewa ya dunia huzuia sehemu yake kubwa. Ndiyo sababu darubini kubwa ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iliwekwa mbali angani, na kioo chake hufanya kazi katika baridi kali ili joto lake lenyewe lisiifiche nuru hafifu inayotafutwa.

Basi kitu chenyewe umekwisha kukijua. Sasa tuzikabili hoja.

Hoja ya kwanza yasema ni nyota zilizoshindwa. Mimi nauliza: zilishindwa na nani, na katika mashindano gani? Neno kushindwa lina maana palipo na nia. Mtu aliyetaka kufika Mombasa akaishia Voi ameshindwa kufika. Lakini mkazi wa Voi aliyekaa nyumbani kwake hakushindwa na kitu. Wingu halikuwa na nia ya kuzaa nyota likakosea. Lilivunjika vipande kwa kanuni zake, vikubwa na vidogo, na kila kipande kilifuata kanuni ile ile. Kwa hiyo kumwita mdogo aliyeshindwa ni kuipa maumbile aibu ambayo ni yetu sisi.

Tena angalia vitendo vya hao walioitwa walioshindwa. Katika kundi la nyota liitwalo Kinyonga, upande wa kusini wa anga, kiko kibete kiitwacho OTS 44, chenye uzito wa Mshtarii mara 12 hivi. Kimezungukwa na sahani ya gesi na vumbi, na mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba bado kinakula gesi ya sahani hiyo, sawasawa na nyota changa. Katika kundi hilo hilo kiko kingine kiitwacho Cha 1107-7626, chenye uzito wa Mshtarii mara 5 hadi 10 tu. Mwaka 2025 wataalamu walikikuta kimepatwa na uroho wa ghafla: mwezi Agosti kilikuwa kikimeza gesi na vumbi kiasi cha tani bilioni sita kwa kila sekunde, mara nane ya ulaji wake wa miezi michache iliyotangulia. Nyota changa nazo hupatwa na uroho wa namna hiyo. Na sahani kama hizo ndizo zizaazo sayari. Basi huyu aliyeshindwa amezaliwa kama nyota, anakula kama nyota, na pengine atakuwa na watoto kama nyota. Kilichomkosa ni kung'aa kwa muda mrefu tu. Ukimnyima heshima kwa hilo moja, wewe umepima kwa taa wala hukupima kwa mizani.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nami sitaidharau. Yasema kwamba vitu hivi ni vidogo mno, havibadili chochote. Ni kweli kwamba ukivijumlisha vyote havifikii uzito wa nyota. Lakini mwenye hoja hii amedhani kwamba kitu hutafutwa kwa ajili ya uzito wake tu. Hebu fikiri juu ya hesabu ya watu katika nchi. Karani akipita mjini akaandika wakazi wa nyumba za ghorofa peke yao, kisha akatangaza kwamba amejua idadi ya watu, kazi zao na maisha yao, je, utaikubali hesabu hiyo? Hapana. Na hata hivyo ndivyo hesabu ya nyota ilivyokuwa kwa maelfu ya miaka. Katika nyota zilizo jirani na Jua letu, robo tatu hivi ni vibete vyekundu, na hakuna hata kimoja cha hivyo kionekanacho kwa macho matupu. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, haikujulikana mpaka mwaka 1915, alipoigundua Robert Innes akiwa Johannesburg, katika bara letu hili. Na mwaka 2013 viligunduliwa vibete kahawia viwili vizungukanavyo, umbali wa miaka ya nuru 6 na nusu tu. Ni majirani wa tatu kwa ukaribu, nasi hatukuwa na habari zao. Mtu asiyewajua majirani zake kwa sababu hawawashi taa, asijisifu kwamba aujua mtaa.

Tena liko jambo kubwa kuliko idadi, nalo ni kanuni. Swali kubwa la elimu hii ni hili: wingu hugawanyika vipi? Likivunjika vipande, na vipande vikavunjika tena, je, uko mwisho wa kuvunjika? Hesabu hujibu kwamba uko. Kipande kikiwa chepesi, joto la kubanwa kwake hutoroka nje, nacho huweza kuvunjika tena. Kikifika wiani fulani, joto hunaswa ndani kama mvuke katika sufuria iliyofunikwa, nacho hakivunjiki tena. Mwaka 1976 wataalamu C. Low na D. Lynden-Bell walikadiria kwamba kipande cha mwisho chapasa kuwa na uzito wa Mshtarii mara 7 hivi. Hiyo ilikuwa karatasi na kalamu. Nani ataiambia karatasi kama imesema kweli? Nyota kubwa haziwezi. Zote ziko juu ya mpaka huo, mbali sana. Shahidi pekee ni yule mdogo kabisa, aliye mwishoni mwa orodha. Wenye dharau wanataka shauri likatwe bila shahidi huyo kuitwa mahakamani.

Haya, shahidi ameitwa, sikiliza alivyosema. Katika kundi la nyota la Farisi, liitwalo Perseus na watu wa Ulaya, yako makundi mawili ya nyota changa, yote yapata miaka ya nuru elfu moja kutoka hapa. La kwanza ni IC 348. Mwaka 2023 Luhman na wenzake walitangaza kwamba kwa darubini ya Webb wamepata humo vibete vitatu vyenye uzito wa Mshtarii mara 3 hadi 8; kidogo kuliko vyote kilikadiriwa kuwa mara 3 au 4. La pili ni NGC 1333. Mwaka 2024 wataalamu wengine walipata humo sita, vyenye uzito wa Mshtarii mara 5 hadi 10, na kidogo kuliko vyote kilikuwa na sahani yake ya vumbi. Mwaka 2025 wengine tena walitazama wingu changa lililo karibu na mshipi wa Jabari, yule aitwaye Orion, wakakuta vitu vinapungua kadiri wanavyoshuka, na vidogo kabisa walivyopata vilikuwa vya mara 2 au 3.

Zingatia sana jambo moja lililo ndani ya habari hizi. Kule NGC 1333 darubini ilikuwa na uwezo wa kuona vilivyo vidogo kuliko mara 5, lakini havikuonekana. Katika wingu la Jabari ilikuwa na uwezo wa kushuka hata nusu ya uzito wa Mshtarii, lakini chini ya mara 2 hapakuwa na kitu. Mtu mvivu wa fikira atasema, "Mmeona? Wametafuta, wamekosa." Lakini huko kukosa ndiko kupata. Mama akichekecha unga kwa chekeche lenye matundu mapana, hawezi kuapa kwamba hauna mchanga. Akichekecha kwa chekeche laini kabisa na mchanga usionekane, hapo ana haki ya kusema unga ni safi. Darubini hizi ndizo chekeche laini. Zimetuonyesha kwamba maumbile yaelekea kuwa na mwisho wa kuvunja mawingu, na kwamba mwisho huo hauko mbali na ule uliohesabiwa kwa kalamu karibu miaka hamsini iliyotangulia, ingawa uko chini yake kidogo. Hiyo ni kweli kubwa juu ya namna nyota zote zilivyozaliwa, na Jua letu mojawapo. Imepatikana kwa watu kuhangaika na vidogo, wala hapakuwa na njia nyingine ya kuipata.

Hoja ya tatu yauliza: vitu hivi vitamlisha nani? Hapa sitakudanganya. Havitamlisha mtu. Mwenye kukuahidi kwamba kibete kahawia kitaleta mahindi sokoni ni mwongo, na hoja njema haihitaji msaada wa uongo. Darubini ya Webb iligharimu dola za Marekani bilioni kumi hivi, na mtu maskini ana haki ya kuuliza fedha hizo zilikwenda wapi. Lakini nina majibu mawili.

La kwanza ni kwamba darubini hiyo haikujengwa kwa ajili ya vibete peke yao. Hutazama sayari, nyota na yaliyo mbali sana katika ulimwengu, na watafutaji wa vibete hupewa saa zao kwa zamu kama wengine. Tena kazi kubwa mojawapo katika jambo hili haikuhitaji darubini mpya hata kidogo. Mwaka 2021 Bi. Núria Miret-Roig na wenzake walichukua picha 80,000 zilizopigwa kwa muda wa miaka ishirini, nyingi zikiwa zimewekwa akibani, wakapima katika picha hizo mwendo, rangi na mng'ao wa nukta moja moja katika eneo la Nge na jirani yake. Walipata vitu vielea peke yake vyenye uzito kama wa sayari, visivyopungua 70 na pengine kufika 170. Mali yao kubwa ilikuwa uvumilivu. Na picha za darubini kubwa, hata za Webb yenyewe, aghalabu hufunguliwa kwa watu wote baada ya muda usiozidi mwaka mmoja. Kijana wa Kisumu au Garissa mwenye tarakilishi na bidii aweza kuzitazama bila kulipa hata senti. Basi asiseme mtu kwamba elimu hii ni ya mataifa tajiri peke yao. Mlango uko wazi; waingiao ndio wachache.

Jibu la pili ni la ndani zaidi. Wazee waliotazama Kilimia hawakuanza kwa kujua kwamba kitawaambia majira. Walianza kwa kutazama. Aliyekuwa wa kwanza kuangalia juu usiku baada ya usiku, akaweka akilini siku ile kifungu kile kilipochomoza, bila shaka alikuwako jirani aliyemwambia ashike jembe aache upuzi. Lakini jembe lilipata majira yake kutokana na upuzi huo. Sisemi kwamba vibete kahawia navyo vitatupa kalenda. Nasema kwamba watu wanaokataa kujua mpaka waambiwe faida, hawatajua kitu, na faida nayo haitawafikia.

Sasa, ili uone kwamba sikuja kutetea kila kisemwacho na upande wangu, nitawageukia watafutaji wenyewe. Katika kazi hii iko hatari ya kuharakia kushangilia. Nyota ya kawaida iliyo mbali nyuma ya wingu, nuru yake ikipita vumbini, huwa nyekundu na hafifu kama jua la machweo katika siku ya vumbi; mtazamaji akadhani ameona kibete kichanga. Mwezi Oktoba 2023 ilitangazwa kwamba katika wingu la Jabari vimeonekana vitu 540 vyenye uzito kama wa sayari, na katika hivyo jozi 40 zilizokwenda viwili viwili. Habari hiyo ilienea duniani kote. Mwaka 2024 Luhman aliyapitia upya maelezo hayo, akasema kwamba sehemu kubwa ya jozi hizo si vibete hata kidogo, bali ni vitu vya nyuma vilivyofunikwa na vumbi. Hata kile kiitwacho S Ori 70, kilichotangazwa mwaka 2002 kuwa kitoto cha kundi la Sigma Orionis, mwaka 2004 kilipingwa na wengine waliodai kwamba ni kibete kikongwe zaidi kilichosimama mbele ya kundi, wala si mtoto wa humo.

Adui wa kazi hii akisikia hayo atafurahi. Mimi nasema asifurahi upesi. Waliosahihisha hesabu hizo si wenye dharau. Ni watafutaji wale wale. Walifanya hivyo kwa kuitawanya nuru ya kila nukta katika rangi zake, kama upinde wa mvua, na kutafuta alama za mvuke wa maji na za ujana, kwa maana vumbi huweza kuiga wekundu lakini haliwezi kuiga alama hizo. Mwenye dharau hakuwahi kusahihisha kosa lolote, kwa sababu hakuwahi kutazama. Kukosea na kujisahihisha ni kazi. Kukaa kando na kucheka si kazi.

Basi, msomaji wangu, ushahidi umekwisha kutolewa. Waliosema vibete vimeshindwa, tumeona vinazaliwa na kula kama nyota. Waliosema havina maana kwa udogo wao, tumeona kwamba bila vyenyewe mwisho wa kuvunjika kwa mawingu usingejulikana. Waliosema havilishi, tumekubali. Kisha tumeuliza kama mtu huishi kwa kulishwa tu.

Nawe unakaa mahali pa bahati. Nchi yetu imepitiwa na mstari wa ikweta, na mtu asimamaye hapa huweza kuona Farisi akipita upande wa kaskazini, na Kinyonga akitambaa chini upande wa kusini. Watu wa Ulaya hawamwoni Kinyonga huyo maisha yao yote wakikaa kwao. Usiku wa Januari, mbingu zikiwa safi, toka nje umtazame Jabari na mshipi wake wa nyota tatu. Chini ya mshipi utaona upanga, na katikati ya upanga doa la ukungu mweupe. Doa hilo ni wingu lizaalo nyota. Utaona nyota chache zinazong'aa, na macho yako yatataka kuridhika.

Yakatalie. Yaambie kwamba humo, katika sehemu iliyo giza, viko vingi ambavyo havijaletwa kwao, na kwamba wewe unajua viko. Kisha nenda ukajifunze hesabu na fizikia, kwa sababu vile vilivyosalia bila kuhesabiwa vinamngoja mtu, na hakuna aliyeandika mahali popote kwamba mtu huyo si wewe.